Studio ya Filamu ya Vugiri na Mwanzilishi Wake, 1935–1937: Funzo kwa Watafiti wa Ufipa

Makala haya yanaeleza kazi ya Meja L. A. Notcutt, Mwingereza aliyeanzisha studio ya filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, pamoja na funzo ambalo mtafiti wa Ufipa anaweza kulipata kutokana nayo. Hoja kuu ni kwamba kubadilisha lugha ya filamu si sawa na kubadilisha msemaji wake.

Kabla ya kutengeneza filamu, Notcutt alisimamia mashamba ya mkonge Afrika ya Mashariki. Mwaka 1926 alipata wazo kwamba sinema ingewasaidia vibarua kuridhika na maisha ya shambani. Chimbuko hilo ni muhimu, kwa kuwa linaonesha kuwa wazo lake lilianzia katika mahitaji ya mwajiri. Mwaka 1935, kwa fedha za Carnegie Corporation ya New York, lilianzishwa jaribio lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Notcutt alishika upande wa ufundi, na G. C. Latham upande wa elimu.

Kikwazo kikubwa kilikuwa wingi wa lugha. Picha zilipigwa bila sauti katika utepe wa milimita 16, na maneno yakarekodiwa katika santuri. Hivyo, picha ile ile iliweza kuoneshwa kwa lugha nyingine kwa kubadilisha santuri tu. Kufikia mwaka 1937 zilikuwa zimetengenezwa filamu 35. Waigizaji walikuwa Waafrika, na mada zilihusu kodi, akiba ya posta, ugonjwa wa safura na kilimo.

Hata hivyo, ujumbe uliamuliwa na waanzilishi. Uzito wa jambo hili unaonekana vizuri tukiitazama Ufipa. Kwa vizazi vingi, Wafipa wamefukia nyasi ndani ya matuta ya mviringo ili zioze na kurutubisha udongo. Filamu ya kilimo ambayo ingewekewa santuri ya Kifipa, bila mkulima kuulizwa, ingezungumza lugha yake huku ikinyamazia maarifa yake.

Mwaka 1937 fedha zilikwisha, na serikali za kikoloni hazikuendeleza studio. Mwaka huo huo Notcutt na Latham walichapisha kitabu kiitwacho The African and the Cinema, ambacho hadi leo ni chanzo muhimu cha habari za jaribio hilo. Kwa kuwa kiliandikwa na waanzilishi wenyewe, mtafiti hana budi kukisoma kwa tahadhari.

Kwa kuhitimisha, inapendekezwa kwamba yeyote anayerekodi filamu za elimu Sumbawanga na vijiji vyake aanze kwa kuwauliza wanakijiji wanajua nini, ndipo aandike maneno ya filamu. Tafsiri ije baadaye.