Kiyoyozi Nacho Ni Zana ya Kazi

Tangu Machi 2007, sisi askari wa Uganda tulipotua Mogadishu, tumejionea jinsi jua, mchanga na chumvi ya bahari viharibuvyo zana. Kiyoyozi cha chumba cha redio au cha dawa si anasa: kikizimika, mitambo huchemka na dawa huharibika.

Basi na tukitunze kama bunduki. Penye vumbi, chujio lisafishwe kila juma. Sehemu ya nje ipewe kivuli bila kuzibwa, ioshwe kwa maji yasiyo ya chumvi, umeme ukiwa umekatwa. Joto likizidi, nyuzi 16 hazipozi chumba upesi kuliko 24. Umeme ukikatika, tungoje dakika tatu kabla ya kukiwasha, kompresa isiungue.

Askari atunzaye zana huwatunza wenzake.