Datsun Iliyosahauliwa na Bei ya Jina

Anayetaka kufufua gari la zamani Nairobi hukuta mlango mmoja umefungwa kabla hajaanza. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000 hakiruhusu gari lililovuka miaka 8 kuingizwa nchini kwa njia ya kawaida, hata likiwa zima kama siku lilipotoka kiwandani. Bodi ya mwaka 1978 haiagizwi Yokohama kama inavyoagizwa Vitz. Itatafutwa hapa hapa, miongoni mwa magari yaliyouzwa mapya enzi hizo, yakaendeshwa, yakarithiwa, kisha yakasimama. Idadi yake haiongezeki. Yale yasiyopata mnunuzi hukatwa na kupimwa kwa kilo kwa wauza chuma chakavu.

Ndiyo maana mtaa kama Spring Valley una umuhimu katika biashara hii kuliko yadi zote za Ngong Road. Kati ya Lower Kabete Road na Peponi Road kuna nyumba zilizojengwa wakati ua wa nusu eka ulikuwa jambo la kawaida, na nyuma ya nyumba kuna banda la gari. Sasa viwanja hivyo vinauzwa kimoja baada ya kingine ili fleti zipande juu. Mjenzi akishakabidhiwa kiwanja anataka kiwe kitupu, na gari lililolala miaka 20 chini ya jakaranda huondoka kwa bei yoyote. Mnunuzi anayejua anachotafuta ana wiki chache tu kati ya kutiwa saini kwa mkataba na kufika kwa tingatinga.

Tatizo ni kwamba wengi hawajui wanachotafuta. Wanafuata jina. Ford Escort ilishinda Safari Rally mwaka 1972 ikiendeshwa na Hannu Mikkola, mgeni wa kwanza kuwashinda madereva wa huku, na mwaka 1977 ikarudia na Björn Waldegård. Tangu hapo bodi ya Escort haijawahi kuwa nafuu, na siku hizi Mwingereza anaishindania pia. Datsun 240Z, iliyomshindia Edgar Herrmann mwaka 1971 na Shekhar Mehta mwaka 1973, imepanda mbali zaidi. Hata Toyota DX, Corolla ya mwaka 1979 na kuendelea ambayo ilikuwa gari la mwalimu na karani, imegunduliwa na vijana. Ni nyepesi, inasukumwa na magurudumu ya nyuma, na kila fundi anaijua. Miaka ya karibuni mwenye DX iliyonyooka anataja bei kwa kujiamini.

Mimi ningeitafuta Datsun 160J.

Gari hili, ambalo Wajapani waliliita Violet, lilimpa Shekhar Mehta ushindi wa Safari mwaka 1979, 1980, 1981 na 1982, safari nne mfululizo, akiwa na Mike Doughty kwenye kiti cha pili. Hakuna dereva mwingine aliyewahi kushinda mara nne mfululizo. Lakini umbo lake ni la kawaida mno: milango minne, pembe zilizonyooka, sura ya gari la ofisi ya wilaya. Uzuri wa 240Z humfanya mtu asimame barabarani, ilhali 160J humpita bila kugeuza shingo. Soko limelipima kwa sura hiyo, wala si kwa kazi iliyolifanya gari hilo bingwa, na hapo ndipo penye faida ya anayejenga.

Sababu za kiufundi zinaeleweka haraka. Injini imelala kwa urefu na inazungusha magurudumu ya nyuma. Ekseli ya nyuma ni moja iliyoungana, imeshikwa na mikono minne na springi za koili, kitu ambacho fundi wa Industrial Area anaweza kukiimarisha kwa chuma na mashine ya kuchomelea bila kuagiza chochote ng'ambo. Gari lenyewe lina uzito wa takriban tani moja. Nafasi ya injini imetengenezwa kwa ajili ya injini ndefu ya silinda nne ya Nissan, wenye jina la Datsun, kwa hiyo injini yao ya SR20 ya miaka ya 1990 hukaa humo bila kuvunja ukuta wa kabini.

Mpinzani wake wa karibu ni Peugeot 504, na huyu anastahili kuzungumziwa kwa kirefu kwa sababu ndiye anayepatikana zaidi. Ilizinduliwa mwaka 1968, ikaunganishwa Mombasa kwa miaka mingi, na bodi ndefu ya gari hili ndiyo iliyobeba abiria wa Nakuru, Nyeri na Kisii kabla matatu za Nissan hazijatwaa barabara. Ove Andersson aliishindia Safari mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas akashinda na ile ya milango miwili mwaka 1978. Springi zake zina mwendo mrefu ajabu. Hakuna saluni ya kizazi kile inayopita kwenye mashimo kwa upole kama 504, na mtu anayetaka gari la kasi la kutembelea kaunti, badala ya kuzunguka uwanja wa mashindano, angefanya vyema kulitazama mara mbili.

Lakini chini yake kuna bomba nene la chuma linalofunika propela na kuunganisha giaboksi na difu kuwa kitu kimoja. Ukitoa injini ya zamani na giaboksi yake, umeondoa sehemu ya kile kinachoishika difu mahali pake. Lazima utengeneze fremu mpya ya kuibeba difu, propela mpya, na vishikizo vya giaboksi, tena kwa vipimo sahihi, la sivyo gari litatetemeka kila likifika kilomita 80 kwa saa. Kazi hiyo inawezekana. Ila inakula pesa na miezi, na watu wengi huigundua wakiwa tayari wameshauza injini ya zamani.

Injini mpya, kwa upande wake, ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, jambo ambalo wageni wa mchezo huu hawaliamini. Nairobi imejaa magari ya Kijapani ya mwanzoni mwa karne hii yanayofikia mwisho wa maisha yao: Altezza yenye injini ya lita 2 na nguvu za farasi 210 kwenye karatasi za kiwanda, Mark II za silinda sita, Subaru zenye turbo. Zikipondwa mbele au nyuma, injini hubaki. Kirinyaga Road, ambayo wenye umri bado huiita Grogan, na gereji za Kariobangi hadi Industrial Area, huishi kwa biashara hiyo pamoja na injini za mtumba zinazoshushwa Mombasa. Bei hufuata dola. Januari 2024 shilingi ilipovuka 160 kwa dola moja, waliokuwa wameahirisha kununua giaboksi walijuta, na ilipotulia karibu na 130 miezi michache baadaye, meza za Grogan zilichangamka tena. Dai risiti kwa kila kitu. Kipuri kisicho na asili kinaweza kuwa kimetoka kwenye gari la jirani yako.

Katika kuchagua injini, kumbuka pia mwinuko: Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya sita ikilinganishwa na ya Mombasa. Injini ya kabureta inayopumua yenyewe hupoteza sehemu kama hiyo ya nguvu kabla dereva hajabonyeza mafuta. Peugeot 504 yenye kabureta, iliyotoka kiwandani na nguvu zisizofika farasi 100, ikipanda Limuru huwa imebaki na takriban 80. Injini yenye turbo hurudisha sehemu kubwa ya upungufu huo kwa kuisukuma hewa ndani. Basi turbo ndogo ya Subaru au Nissan ina maana zaidi huku kuliko ingekuwa nayo Ulaya, na anayesoma magazeti ya magari ya London asinakili hesabu zao moja kwa moja.

Mahali panapoua miradi mingi ni kwenye karatasi. Gari la banda la Spring Valley mara nyingi limesajiliwa kwa jina la marehemu, au kwa kampuni iliyofungwa zamani. Mtoto anayekuonyesha funguo hana mamlaka ya kuliuza mpaka mahakama itoe hati ya kusimamia mirathi chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160. Namba ya usajili yenyewe, ile isiyo na herufi ya mwisho, huenda haijawahi kuingizwa kwenye mfumo wa kidijitali wa NTSA. Ukishabadilisha injini, mamlaka hiyo lazima ijulishwe na namba mpya iandikwe kwenye kumbukumbu, na namba ya chasisi kwenye chuma lazima ilingane na ile ya logibuku, herufi kwa herufi. Bodi ya bei nafuu isiyo na karatasi ni chuma tu. Afadhali 160J yenye kutu kidogo na logibuku safi kuliko iliyong'arishwa na hadithi ndefu.

Baada ya hapo pesa zigawanywe kwa mpangilio ambao si maarufu. Kwanza kunyoosha na kuchomelea chini ya gari, ambako hakuna rafiki atakayepiga picha. Kisha breki za diski mbele zenye ukubwa unaolingana na nguvu mpya, kwa sababu zile za asili zilipimwa kwa injini ya lita 1.6. Kisha waya zote upya. Mafundi wa Nairobi wanaoweza kuunganisha kompyuta ya injini ya kisasa na taa za mwaka 1979 bila kuacha gari linazimika kila mvua ikinyesha ni wachache, na wana kazi za kuwatosha. Anayetaka kuingia katika biashara hii kama mwekezaji angewekeza kwa watu hao, awanunulie vifaa vya kupimia na kuwapa vijana wa kujifunza kwao, kabla ya kununua bodi moja zaidi. Rangi ije mwisho.

Je, gharama hurudi? Kwa mwenye kuuza mara moja, kwa shida. Kampuni nyingi za bima husita kutoa bima kamili kwa gari la umri huo, kwa hiyo unabeba hatari mwenyewe, na mnunuzi anajua hilo. Lakini kuna thamani inayojengwa taratibu na matukio: Concours d'Elegance ya Ngong Racecourse, inayoendeshwa na chama cha wenye Alfa Romeo, mbio za muda za Kiamburing, na East African Safari Classic, iliyoanza mwaka 2003. Mwaka 2009 Ian Duncan, Mkenya, alishinda Safari Classic hiyo na Ford Mustang, gari ambalo hakuna aliyelidhania kufaa vumbi la Tsavo, mbele ya Porsche zilizoletwa na pesa nyingi zaidi. Baada ya ushindi wa aina hiyo, bodi iliyodharauliwa hupata bei mpya, na walioinunua mapema ndio wanaofaidi.

Kwa anayekwenda kutazama 160J wiki hii: usianze na injini, utaitoa tu. Anza na kioo cha mbele, kioo cha nyuma, na mipira ya milango. Injini za mtumba hushushwa Mombasa mwaka mzima, lakini kioo cha mbele cha Datsun hii kikiwa kimevunjika, mwambie mwenye gari apunguze bei, kisha ununue pamoja nayo Datsun ya pili iliyokufa kwa ajili ya vioo vyake.