Mtoto Ameungua: Maji Kwanza, Mafuta Hapana



Uko unapika uji. Mtoto anatambaa mpaka kwenye mbabula, anavuta sufuria, uji unamwagika juu ya mkono wake. Wamama wengi wanakimbilia chupa ya mawese. Wengine wanapaka dawa ya meno, majivu ama yai. Hapana kufanya vile. Tafuta maji.

Juu ya nini maji? Hata ukiisha kupangusa uji, joto linabaki ndani ya ngozi na kuendelea kuunguza. Maji yanaliondoa, mafuta yanalifungia ndani. Majivu yanaleta uchafu, kiisha kidonda kinatoa usaha.

Fanya hivi:

1. Vua upesi nguo iliyolowa, shanga na bangili, mbele mkono haujavimba. Nguo iliyoshikamana na ngozi, iache.

2. Mwaga maji safi ya baridi polepole kwa dakika 20. Mtoto akilia, usiache. Maji ni kidogo? Weka kitambaa safi chenye maji, na kukilowesha tena na tena. Hata kama umechelewa, maji yanasaidia mpaka saa 3 baada ya kuungua. Barafu hapana.

3. Mwili mwingine uufunike na kikwembe, mtoto asishikwe na baridi.

4. Funika kidonda kwa kitambaa safi, bila kukaza.

5. Lengelenge usilitoboe. Ngozi ile inazuia uchafu kuingia.

6. Mnyonyeshe, ama umpe maji ya kunywa.

Nyumbani tunatunza kidonda kidogo tu, kisichopita kiganja cha mtoto mwenyewe. Kila siku nawa mikono kwa sabuni, osha kidonda na maji yaliyochemshwa na kupoa, badili kitambaa.

Lete mtoto siku ile ile kama:
– kidonda kinapita kiganja chake;
– ameungua uso, mkono, mguu, kiungo ama sehemu za siri;
– ngozi ni nyeupe ama nyeusi na haiumi: ni kusema moto umeingia ndani sana;
– ni mtoto mchanga;
– ameungua kwa umeme ama asidi, ama amevuta moshi.

Hata baadaye, ukiona homa, usaha ama harufu mbaya, usingoje. Njoo na fishi ya chanjo, tuangalie ile ya pepopunda.

Basi mtoto wetu wa uji, baada ya maji, aletwe, sababu ni mkono. Vidole visipotunzwa vizuri vinaweza kupona vimekunjika. Kesho atashikaje kalamu ama jembe?

Tunajua wamama wengine wanachelewa kwa haya, wanaogopa kugombezwa. Pengine sisi wauguzi tulikosa, tulifoka mbele ya kuuliza. Lakini sufuria inaanguka katika nyumba ya kila mtu, hata ya muuguzi. Mwaga maji, kiisha njoo.