Paa la Asbesto Si Kazi ya Fundi Yeyote

Wakulima wa skimu za makazi hapa Isiolo wanajua kuezua mabati: mtaimbo huingizwa, misumari hung'oka, bati huteremka. Lakini paa la asbesto haliezuliwi hivyo. Hayo ni mabamba mazito ya kijivu yaliyoezekwa zamani juu ya shule, hospitali na nyumba za watumishi katika Kenya.

Bamba zima lisiloguswa halina hatari kubwa. Likivunjwa, likikatwa kwa msumeno au likitobolewa, hutoa nyuzi nyembamba zisizoonekana kwa macho. Upepo wa Isiolo mnaujua: vumbi la kwako asubuhi, jioni liko kwa jirani wa tatu. Nyuzi hizo zikiingia mapafuni hukaa humo, na ugonjwa, pengine kansa, huweza kutokea baada ya miaka 20, 30 au 40. Ndiyo maana kijana aliyepata kibarua cha siku mbili hudhani hakudhurika.

Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliitaja asbesto kuwa taka ya hatari. Mwenye lori la kuichukua hana budi awe na leseni ya NEMA, na mzigo uzikwe mahali palipoidhinishwa. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 nayo yamwagiza mwajiri awafundishe na kuwasimamia watu wake. Basi angalieni: leseni ya lori haionyeshi kwamba wapandao juu ya paa wamefundishwa. Ulizeni vyote viwili.

Katika Marekani, mfanyakazi wa kuondoa asbesto shuleni husoma siku 4, msimamizi siku 5, kisha hurudia darasa kila mwaka. Hujifunza kulowesha mabamba, kuyafungua bila kuyavunja, na kuyafunga ndani ya nailoni nene yenye alama. Hujifunza pia kuvaa barakoa yenye kichujio. Leso haifai kitu, na mwenye ndevu hunyolewa kwanza, maana barakoa haimkai sawasawa. Nguo za kazi haziendi nyumbani, kwani azikung'utaye huvuta nyuzi zile zile.

Mtu akiwaletea mabamba ya zamani kwa bei rahisi ya kuezekea banda la kuku, mkataeni. Kama paa hilo tayari liko kwenu, msilisugue wala kulitoboa. Pelekeni habari kwa Afisa wa Afya ya Umma au kwa ofisi ya NEMA kabla ya kumwita fundi.