Soda Katika Nyama Choma na Nyama ya Moshi: Neno Moja, Viambato Viwili

Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna soda inavyotumika kama kiambato cha nyama ya kuchoma na nyama ya moshi. Hata hivyo, kabla ya kufika mekoni, msemaji wa Kiswahili hana budi kuuliza swali moja la kileksia: soda ipi? Katika matumizi ya Kenya, neno hili hurejelea vitu viwili. Kwanza ni kinywaji kitamu chenye gesi kiuzwacho kwa chupa. Pili ni unga mweupe wa kuokea, pamoja na jamaa yake wa asili, magadi, ambayo wengi huyaita magadi soda. Kikemia, vitu hivi viwili vinakinzana: cha kwanza ni asidi, cha pili ni alkali. Mpishi anayekutana na agizo lisemalo “tia soda” bila ufafanuzi anaweza kuiharibu nyama ya mbuzi mzima. Kwa sababu hiyo, tunashikilia kwamba suala hili ni la lugha kabla ya kuwa la upishi.

Mazingira ya Meru na Embu

Tumeteua Meru na Embu kwa kuwa viambato vyote viwili vimezoeleka huko. Barabara kuu itokayo Embu hadi Meru, kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu, ina vituo ambako bucha na meko ya kuchomea hukaa chini ya paa moja. Mteja huchagua kipande kikiwa kimening'inia, hupimiwa, kisha husubiri. Mbuzi wa nyanda kavu za Mbeere na Tharaka hutembea mwendo mrefu kutafuta malisho. Nyama yao ina ladha nzuri, lakini misuli yao ni migumu. Haja ya kuilainisha si ya kubuni.

Soda ya chupa nayo ni mwenyeji wa siku nyingi. Watafunaji wa miraa ya Igembe na wa muguka wa Mbeere huinywa ili kuukata uchungu wa majani. Magadi, kwa upande wao, huingia chunguni kulainisha maharagwe, githeri na mboga za kienyeji. Lakini kwa desturi mchomaji wa nyama hatumii hiki wala kile: silaha zake ni chumvi, makaa na subira. Kuitia nyama soda ni jambo geni kwa kiasi fulani, na jambo geni lahitaji maelezo.

Asili ya Neno

Kihistoria, soda ni jina la chumvi za alkali zilizotumiwa kutengenezea sabuni na kioo. Mwaka 1807, mwanakemia Mwingereza Humphry Davy alipoitenga metali iliyomo ndani yake, aliiita sodiamu kutokana na neno hilohilo. Kabla ya hapo, mwaka 1767, Joseph Priestley alikuwa amegundua namna ya kuyatia maji gesi ya kabonidayoksaidi. Baadaye maji ya namna hiyo yalitiwa chumvi za sodiamu, yakaitwa maji ya soda. Sukari na ladha zilipoongezwa, jina lilibaki japo chumvi zenyewe ziliondoka. Coca-Cola, iliyobuniwa Atlanta, Marekani, mwaka 1886 na kuanza kutiwa chupani nchini Kenya mwaka 1948, huitwa soda ilhali haina magadi hata chembe.

Kiswahili kilikwisha kuwa na jina lake. Magadi ni neno kongwe, na ndilo lililolipa jina Ziwa Magadi katika Kajiado, ambako kampuni ya Magadi Soda iliundwa mwaka 1911. Tukitazama kwa makini, jina “magadi soda” linasema jambo lilelile mara mbili.

Kuchoma, Kubanika na Kukausha kwa Moshi

Utata hauishii kwenye soda. Mapishi ya kutia soda katika nyama yameenea zaidi kusini mwa Marekani, ambako mbavu na paja la nguruwe hupakwa mchuzi wa kola. Upishi huo huitwa barbecue, neno ambalo aghalabu hutafsiriwa kuwa “nyama choma”. Tafsiri hiyo inapotosha. Mchomaji wetu huiweka nyama juu ya makaa wazi kwa saa moja au mbili. Mmarekani hufunika pande kubwa la nyama ndani ya joto la nyuzi 110 hivi za Selsiasi, huku moshi wa kuni ukizunguka kwa saa nyingi, pengine usiku kucha.

Je, Kiswahili kimepungukiwa? La hasha. Tunalo neno kubanika, yaani kuiva kwa nyama au samaki aliyebanwa kwa vijiti karibu na moto. Tunalo pia neno uchaga, jukwaa la miti ambalo juu yake chakula huweza kukaushwa. Barbecue lenyewe limetokana na barbacoa, neno la Wataino wa visiwa vya Karibi, lililomaanisha jukwaa la vijiti juu ya moto. Kimaana, basi, uchaga na kubanika vinaikaribia asili ya neno hilo kuliko kuchoma. Makala haya yatatumia kuchoma kwa moto wa makaa wazi, na kubanika kwa moshi kwa ule upishi wa polepole.

Kazi ya Soda ya Chupa

Kola hufanya kazi kwa njia mbili: uasidi na sukari. Uasidi wake ni mkali, kwani kipimo chake cha pH hukaribia 2.5, nacho hutokana hasa na asidi ya fosfori. Wengi huamini kwamba ukali huo huyeyusha ugumu wa nyama. Ukweli ni kwamba asidi huingia milimita chache tu. Nyama iliyolowekwa usiku kucha hulegea juu ikawa kama uji, na ndani ikabaki ilivyokuwa. Aidha, uasidi kiasi huzifanya protini zikazane na kutoa maji, ndipo nyama hukauka motoni.

Kinacholainisha nyama ngumu kwa hakika ni joto na muda. Kano na tando zinazoshikilia misuli zina protini iitwayo kolajeni. Ikikaa kwa saa kadhaa katika joto lipitalo nyuzi 70, kolajeni hugeuka kuwa jelatini laini. Hiyo ndiyo siri ya kubanika kwa moshi. Methali isemayo kwamba haraka haraka haina baraka ina ushahidi wa kikemia.

Mchango mkubwa wa kola, kwa hiyo, ni sukari. Chupa ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30. Maji yake yakikauka, hubaki shira nata inayoipa nyama rangi ya kahawia, mng'ao na ladha ya utamu uliochanganyika na ukakasi. Uso wenye unyevu na unato pia hunasa moshi vizuri zaidi kuliko uso mkavu. Hata hivyo, sukari hiyohiyo huungua upesi na kuwa chungu ikikutana na makaa makali mapema.

Soda isiyo na sukari haifai kwa kazi hii: haitoi shira, na nyingi huwa na aspatemu, ambayo hupoteza utamu katika joto. Vilevile, soda ya tangawizi haichukui nafasi ya tangawizi yenyewe. Tangawizi mbichi, sawa na papai bichi ambalo wapishi wa pwani hulitia katika mishikaki, ina kimeng'enya kinachovunja protini. Soda ya chupa si ya kutegemewa kwa hilo.

Kazi ya Magadi na Soda ya Kuokea

Alkali hutenda kinyume. Hupandisha pH ya nyama, nazo protini husukumana badala ya kukazana, zikahifadhi maji. Nyama hubaki laini na yenye majimaji hata ikichomwa upesi. Isitoshe, alkali huharakisha mmenyuko baina ya protini na sukari ulioelezwa na Mfaransa Louis-Camille Maillard mwaka 1912, ambao ndio chanzo cha rangi na harufu ya nyama iliyochomwa.

Hapa yatupasa kutofautisha tena. Soda ya kuokea ni bikaboneti ya sodiamu, alkali hafifu. Magadi ghafi yana kaboneti, ambayo ni kali zaidi, na yakizidi nyama huwa na ladha ya sabuni. Zaidi ya hayo, magadi ya Bonde la Ufa huweza kuwa na floraidi nyingi, ambayo hudhuru meno na mifupa ikitumiwa kwa muda mrefu. Kwa nyama, basi, soda ya kuokea ni bora.

Utaratibu

Kwa kilo mbili za mbavu za mbuzi, chemsha nusu lita ya kola pamoja na tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na maji ya limau hadi ibaki thuluthi moja. Itie nyama chumvi mapema na uichome bila mchuzi huo. Inapokaribia kuiva, punguza makaa, kisha ipake mchuzi mara mbili au tatu katika dakika kumi na tano za mwisho. Kwa nyama ya kubanika kwa moshi, mchuzi huweza kupakwa katika saa ya mwisho, kwa kuwa joto ni dogo.

Ukichagua soda ya kuokea, kijiko kimoja kidogo chatosha kilo moja ya vipande vyembamba. Ipake, iache kwa robo saa hadi nusu saa, kisha isuuze na kuikausha kabla ya kuichoma. Usichanganye viwili hivi: asidi na alkali hutoa povu na kubatilishana.

Tahadhari

Shira ya kola ni sukari, na mgonjwa wa kisukari anapaswa kuambiwa imo. Fauka ya haya, mafuta yanayodondokea makaa hutoa moshi wenye kemikali zinazohusishwa na saratani. Mwaka 2015, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama iliyosindikwa, ikiwamo ya moshi, katika kundi la visababishi vya saratani. Nyama hiyo iliwe kwa kiasi, na sehemu zilizoungua zikatwe.

Hitimisho

Tumeona kwamba soda ya chupa hupamba uso wa nyama, soda ya kuokea huhifadhi maji yake, na moto wa polepole ndio huilainisha kwa kweli. Tunapendekeza waandishi wa mapishi watumie soda kwa kinywaji pekee, magadi kwa madini ya asili, na soda ya kuokea, kwa ukamilifu wake, kwa bikaboneti. Pia tunawahimiza wanafunzi wenzetu wanaosoma Meru, Chuka na Embu wakusanye istilahi za wachomaji wa huko katika Kimeru, Kitharaka, Kiembu na Kimbeere: majina ya vipande vya nyama, ya hatua za kuiva na ya aina za moto. Istilahi hizo zinaweza kukifaa Kiswahili kabla ya kukopa kutoka mbali. Wanaozijua wapo kando ya barabara, nao wana nafasi ya kuzungumza wakati nyama ingali motoni.