Kiingereza cha Melini, Shambani na Kwenye Chupa ya Dawa

Mtu wa Kengeja akitaka kwenda Unguja hupanda gari mpaka bandari ya Mkoani. Hapo hupanda meli. Neno hili "meli" ni letu siku nyingi, lakini asili yake ni Kiingereza. Waingereza huita barua za posta "mail". Zamani vyombo vya moshi vilivyochukua barua viliitwa kwa jina hilo. Watu wa pwani wakalisikia, wakasema meli. Leo meli ni meli, hata kama haikuchukua barua hata moja.

Basi wewe unayesema hujui neno lolote la Kiingereza, unayajua mengi. "Skuli" ni "school". Wenzetu wa Bara husema shule, kwa sababu wao walilipata neno lao kwa Wajerumani. "Blanketi", "shati" na "penseli" nayo yametoka kwa Waingereza. Anza na hayo.

Sasa tuingie melini. Juu ya mlango utaona neno "EXIT". Maana yake ni mahali pa kutokea. Pengine utaona pia "LIFE JACKET". "Life" ni uhai, na "jacket" ni jaketi. Ni lile jaketi la kuvaa ili mtu aelee akitumbukia majini. Angalia namna Waingereza wanavyopanga maneno yao. Sisi tunaanza na jaketi, kisha tunasema ni la nini. Wao wanaanza na uhai. Soma sentensi hii:

"The life jacket is under the seat."
Jaketi la kuokolea liko chini ya kiti.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kuja Pemba. Ilikuwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Kujua kusoma hakuzuii meli kuzama. Lakini yafaa kila abiria ajue mlango uko wapi na jaketi liko wapi kabla meli haijang'oa nanga.

Tunaandika neno pamoja na sentensi kwa sababu neno likiwa peke yake hudanganya. Chukua neno "stem". Mtoto katika somo la sayansi ataambiwa kwamba "stem" ni shina. Ni kweli:

"The stem carries water to the leaves."
Shina hupeleka maji kwenye majani.

Lakini katika biashara ya karafuu, "clove stems" si mashina ya mikarafuu. Ni makonyo, yale tunayoyaanika na kuyauza, yanayokamuliwa mafuta kule Wawi, Chake Chake.

"We sell clove stems."
Tunauza makonyo.

Na hilo neno "clove" lenyewe lina mambo. Ni karafuu. Asili yake ni neno la Kifaransa lenye maana ya msumari. Tazama karafuu moja kavu kiganjani, utaona kichwa chake na mguu wake, msumari kabisa! Walioipa jina walikuwa na macho. Lakini ukisoma katika mapishi "two cloves of garlic", usitie karafuu chunguni. Hapo ni punje mbili za kitunguu thomu.

Mkulima wa karafuu anazijua pia herufi ZSTC. Ni shirika lililoanzishwa mwaka 1968, ndilo linalonunua karafuu zetu. Herufi hizo ni "Zanzibar State Trading Corporation". "State" ni dola, "trading" ni kufanya biashara, na "corporation" ni shirika. Kwa herufi nne umepata maneno matatu mapya.

Wazazi wana sababu nyingine ya kujifunza. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliamua kwamba hesabu na sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto akikariri "stem" bila ya kujua kuwa ni shina, amebeba sauti tupu. Mzazi anaweza kumwambia aguse shina la mpapai nyuma ya nyumba, kisha aseme sentensi yake mwenyewe.

Liko neno moja la hatari. Kwenye makopo ya rangi na ya dawa za kupulizia huandikwa "FLAMMABLE", maana yake hushika moto upesi. Makopo mengine yameandikwa "INFLAMMABLE". Aliyesoma kidogo atadhani "in" imekanusha, kama inavyokanusha katika maneno mengine. Sivyo. Maneno yote mawili yana maana ile ile. Kopo lenye lolote kati ya hayo lisikae karibu na jiko wala taa ya utambi.

Mwisho chukua chupa ya dawa.

"Take one tablet twice a day."
Meza kidonge kimoja, mara mbili kwa siku.

"Twice" ni mara mbili. "Once" ni mara moja. Anayeyachanganya maneno haya atameza dawa pungufu, au atazidisha. Herufi EXP zinaonyesha tarehe ambayo dawa inakwisha muda wake. Na chini kabisa, kwa herufi ndogo:

"Keep out of the reach of children."

"Reach" hapa ni pale mkono unapofika. Weka dawa mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki.