Je, Wajua? Mama Kayai hakuwa mke wa Ojwang'

Je, wajua kwamba Mama Kayai na Mzee Ojwang' hawakuwa mke na mume katika maisha halisi? Katika Vitimbi, kichekesho cha televisheni ya KBC nchini Kenya, Mary Khavere, yaani Mama Kayai, aliigiza mke wa Ojwang' kwa miaka mingi, hata watazamaji wengi wakaamini ni ndoa ya kweli. Ojwang' mwenyewe, Benson Wanjau, alifariki Julai 2015. Kule Hollywood nako, Margaret Dumont alikuwa na kazi kama ya Mama Kayai, ya kumsikiliza mchekeshaji bila kucheka: alicheza na wachekeshaji ndugu wa Marx katika filamu 7, kuanzia 1929 hadi 1941, akipokea kejeli za Groucho, mmoja wa ndugu hao, kwa heshima zote. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kuchekesha! Msomaji, ukiiona Vitimbi, Ojwang' anapozungumza mtazame Mama Kayai.